Mihadhara ya Mlimani: Historia Ilivyotoka Ukumbini

Noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010 ilikuwa na sura ya Abeid Amani Karume upande mmoja. Upande wa pili ilikuwa na jengo ambalo Watanzania wengi hawajawahi kulikanyaga: Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Noti yenyewe imekwishaondolewa kwenye mzunguko, ukumbi ungali palepale Mlimani. Hapo ndipo penye mahafali, makongamano na mihadhara ya hadhara. Ni nchi chache zilizowahi kuuweka ukumbi wa mazungumzo kwenye fedha zake, pale ambapo nyingine huweka kiwanda, bwawa la umeme au mnyama wa porini.

Kwa zaidi ya miaka sitini, kilima hicho cha kando ya Ubungo kimekuwa mahali ambapo wanahistoria husimama mbele ya watu na kueleza nchi hii ilitoka wapi. Waliosimama hapo ni pamoja na watu wenye majina makubwa duniani, na baadhi ya yaliyosemwa yalibadilisha namna historia ya Afrika inavyoandikwa. Hata hivyo, mkulima wa Kilwa au dereva wa Songea hakuwamo ukumbini, na kama angekuwamo, lugha iliyotumika ingempita. Basi maneno ya Mlimani yaliwafikiaje wananchi, na ni yapi yaliyobaki kilimani?

Kuzungumzia historia hadharani hakukuanza na Chuo Kikuu. Pwani, habari za vita na tawala zilisomwa kwa sauti barazani na misikitini zikiwa zimetungwa kwa beti. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliandika utenzi mrefu kuhusu Wajerumani walivyoitwaa Mrima mwishoni mwa miaka ya 1880, na kwenye kichwa chake akaweka mwaka wa Kiislamu, 1307. Baada ya Vita vya Majimaji, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wake kuhusu vita hivyo, uliokuja kuchapishwa mwaka 1933. Tungo hizo zilikuwa za kusikilizwa. Msomaji alikuwa mmoja na wasikilizaji wengi, na miongoni mwao walikuwamo walioyaona mambo kwa macho yao, kwa hiyo mtunzi hakuweza kusema lolote atakalo.

Bara nako wazee walikuwa na mabaraza yao ya kusimulia nasaba na asili ya koo. Kuanzia mwaka 1923 gazeti la serikali, Mambo Leo, likawapa walimu na makarani mahali pa kuandika kwa Kiswahili habari za miji na watu wao. Mathias Mnyampala alikusanya historia, mila na desturi za Wagogo, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1954 na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Vitabu vya namna hiyo viliandikwa na watu wa mahali penyewe, kwa lugha ambayo watu wa mahali penyewe waliisoma. Historia ya shuleni ilikuwa nyingine kabisa: wavumbuzi wa Kizungu, wamisionari, magavana, na Mwafrika akiwa amesimama pembeni akibeba mizigo.

Hali hiyo ndiyo Mlimani iliyoikuta.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika 15 na wote walisoma sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, na mwaka huohuo Idara ya Historia ikaanza kufundisha chini ya Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963 kwa kushirikiana na wapigania uhuru wa kule. Isaria Kimambo, mtaalamu wa historia ya Wapare, na Arnold Temu wakawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kuijenga idara hiyo. John Iliffe alijikita katika historia ya utawala wa Wajerumani. Walter Rodney kutoka Guyana alifika mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 24 aliyetoka tu kumaliza udaktari wake London.

Kazi waliyopewa, au waliyojipa, ilikuwa nzito kuliko kufundisha wanafunzi wachache. Taifa jipya lilitaka kujua lilianzia wapi. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaonyesha njia kabla ya Uhuru. Desemba 1956, mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa mjini New York, aliwakumbusha wajumbe kwamba watu wa Tanganyika waliwahi kupigana na Wajerumani kwa hiari yao wenyewe, na kwamba TANU ilikuwa inafuata kwa amani kile ambacho wazee walikitafuta kwa silaha. Majimaji ikawa tayari imeingia katika siasa. Kilichokosekana ni utafiti.

Oktoba 1965 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa Kongamano la Kimataifa la Wanahistoria wa Afrika. Watafiti wa Afrika walikutana na wenzao wa Ulaya Mashariki na Magharibi na wa Marekani, wakajadili namna ya kuiandika historia ya bara hili kwa kutumia mapokeo simulizi, akiolojia na lugha, pamoja na nyaraka za wakoloni. Mada zao zilitoka kitabuni mwaka 1968, Ranger akiwa mhariri. Ranger mwenyewe alipotoa mhadhara wake wa uprofesa, uliochapishwa mwaka 1969, mada ilikuwa kurudisha nafasi ya Mwafrika katika historia ya Tanzania: kwamba Waafrika walipanga, waliamua, walikataa na walibuni, hata chini ya ukoloni. Leo hoja hiyo inaonekana ya kawaida. Wakati ule, vitabu vingi vilivyokuwa madarasani vilisema kinyume chake.

Hapo ndipo Chama cha Historia cha Tanzania kilipofanya jambo la busara. Badala ya kuyaacha mazungumzo yaishie ukumbini, kilianza kuchapisha vijitabu vyembamba vya bei ndogo kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari. Cha kwanza, cha mwaka 1966, kiliandikwa na mwanaakiolojia John Sutton kuhusu pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Rodney aliandika kuhusu Afrika Magharibi na biashara ya watumwa ya Atlantiki. Mwaka 1971 Kimambo akatoa kijitabu kuhusu mbiru, kodi ya Upare iliyowafanya wananchi wa milimani kuandamana na kumgomea mkoloni katika miaka ya 1940. Mwalimu wa Same au wa Bukoba ambaye hangekanyaga Mlimani maisha yake yote aliweza sasa kuushika mhadhara mkononi na kuusoma darasani kwake. Kenya nako, Chama cha Historia cha nchi hiyo kilikuwa kikifanya mikutano ya kila mwaka na kuchapisha mada zake katika mfululizo ulioitwa Hadith, chini ya uhariri wa Bethwell Ogot.

Kazi iliyogusa watu wengi kuliko zote, hata hivyo, haikuanzia ukumbini. Ilianzia vijijini.

Mwaka 1968 Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi wake wakati wa likizo waende kuwauliza wazee habari za Vita vya Majimaji. Wengi walitumwa wilaya walizozaliwa, mahali walipojua lugha na walipojulikana kwa majina ya baba zao. Muda ulikuwa unawapita. Aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa sasa na miaka 78. Gilbert Gwassa alikuwa ameshaanza kuzunguka Umatumbi na Kilwa kwa ajili ya tasnifu yake, na pamoja na Iliffe walitoa mwaka huo wa 1968 kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, ndani yake yakiwamo masimulizi ya wazee wenyewe. Mwaka uliofuata wanafunzi wawili, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, wakachapishiwa utafiti wao kuhusu vita hivyo huko Ungoni.

Wazee waliwaeleza nini? Waliwaeleza habari za pamba. Chini ya Gavana von Götzen, kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba la pamba la pamoja, na watu walilazimishwa kulilima huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Akida alisimamia kwa kiboko na malipo yalikuwa senti chache. Waliwaeleza habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyepandwa na pepo Hongo mwaka 1904 na kuwagawia watu maji ya dawa ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Waliwaeleza jinsi ujumbe ulivyopita kwa siri kutoka mtu hadi mtu, mpaka watu wakawa wanamiminika Ngarambe kwa makundi bila maakida kujua wanakwenda kufuata nini. Waliwataja Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, wanaokumbukwa kuwa ndio waliong'oa miche ya kwanza ya pamba huko Nandete, Julai 1905. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, lakini maji yalikuwa yameshavuka Rufiji na kuelekea Uluguru, Mahenge na Ungoni.

Kilichofuata kilikuwa msiba. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka, na njaa ikamaliza waliosalimika na risasi. Takwimu za Wajerumani zilitaja watu 75,000 waliokufa. Gwassa, baada ya miaka ya kuwasikiliza wazee na kupekua nyaraka, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Uzito wa mradi ule ulikuwa katika namna ulivyofanyika. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu, ambaye siku zile alihesabiwa kuwa mtu wa tabaka la juu, alilazimika kukaa kwenye mkeka mbele ya mzee asiyejua kusoma na kumwomba amfundishe. Jambo hilo lilikuja miaka miwili tu baada ya mgogoro wa Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu akawarudisha makwao karibu 400. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata chuo kiliitisha mkutano wa kujiuliza kina kazi gani katika nchi ya kijamaa. Kumsikiliza mzee wa Umatumbi lilikuwa mojawapo ya majibu yaliyotekelezeka.

Masimulizi yale hayakukaa kwenye makabati. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, kijana wa kusini aliyesoma sanaa za maonyesho hapohapo Mlimani, alitoa tamthilia yake Kinjeketile. Katika utangulizi alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa sawasawa na yule wa historia. Onyo hilo halikuwazuia wasomaji. Tamthilia iliandikwa kwa Kiswahili, ikachezwa, ikaingia shuleni Tanzania na Kenya, na ikawa ndiyo mlango ambao vizazi kadhaa vya wanafunzi walipitia kuingia katika habari za Majimaji. Waliosoma vijitabu vya Chama cha Historia walikuwa maelfu machache. Waliomjua Kinjeketile wa jukwaani hawahesabiki. Tena Hussein aliuliza swali ambalo wanasiasa wa wakati ule hawakulipenda sana: kiongozi afanye nini pale neno alilolitoa linapomponyoka na kuanza kuishi lenyewe, likiwapeleka watu kwenye mauti?

Mwaka huohuo wa 1969 Kimambo na Temu walitoa kitabu cha historia ya Tanzania kilichokusanya kazi za wanahistoria wa Mlimani, nacho kikawa nguzo ya ufundishaji kwa miaka mingi. Rodney naye alirudi. Alikuwa amekwenda kufundisha Jamaika mwaka 1968, akawa anawafuata vijana na Warasta vijiweni na mabondeni kuzungumza nao historia ya Afrika. Serikali ya kule ilimpiga marufuku Oktoba mwaka huohuo na ghasia zikazuka Kingston. Dar es Salaam ikampokea tena, na alikaa mpaka 1974.

Miaka hiyo ndiyo iliyoipa Mlimani sifa ya kilima kisicholala. Chama cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, kilichoasisiwa 1967 na kuongozwa mwanzoni na Yoweri Museveni, kilianzisha madarasa ya itikadi ya Jumapili asubuhi. Hayakuwa na mitihani wala vyeti, na ukumbi ulijaa. Jarida lao, Cheche, lilihaririwa na Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini. Novemba mwaka huohuo, Cheche na USARF vikapigwa marufuku.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mihadhara ile ilikuwa starehe ya wasomi. Desemba 1969, baada ya Rodney kuzungumza kwenye semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati, gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkemea kwa tahariri nzima. Serikali iliwataka wanahistoria waseme, na ilikuwa inasikiliza kwa makini wanachosema. Mwaka 1970 Rodney alivuka kwenda Makerere kujadiliana hadharani na Ali Mazrui wa Mombasa, mmoja akitetea uchambuzi wa Kimaksi wa ubeberu, mwingine akitetea fikra huru isiyofungwa na itikadi yoyote. Wawili hao walikuwa wasemaji wa hali ya juu, na mjadala huo bado unatajwa na waliokuwa wanafunzi Kampala siku hizo. Mazrui alikuja kuipeleka sanaa hiyo ya kuzungumza mbali zaidi: mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC kuhusu hali ya Afrika, na mwaka 1986 akaongoza mfululizo wa televisheni kuhusu urithi wa aina tatu wa bara hili.

Kitabu cha Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotolewa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa wachapishaji wa London na Tanzania Publishing House, ni tunda la mazungumzo hayo. Rodney aliwashukuru Hirji na Mapolu waliousoma mswada wake, na Abdulrahman Babu aliandika neno la mwisho. Ni kitabu kilichopitia midomoni mwa watu kabla ya kufika mtamboni.

Wapinzani nao hawakukosekana, na ni vizuri kwamba hawakukosekana. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper, waliokuwa wakifundisha Makerere, waliwashutumu wanahistoria wa Dar es Salaam kwamba wameigeuza historia kuwa mtumishi wa taifa. Ranger aliwajibu mwaka uliofuata. Muongo mmoja baadaye Temu mwenyewe, akiwa na Bonaventure Swai, aliandika kitabu kizima kukosoa kazi ya kizazi chake kwa upande mwingine: kwamba walihangaika kuonyesha Waafrika walikuwa na falme na mashujaa, wakasahau kuuliza nani alimnyonya nani.

Majimaji yenyewe ilirudiwa kuchunguzwa. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alionyesha kwamba huko Uzaramo mambo hayaelezeki kwa maji ya Kinjikitile peke yake. Wanaume walikuwa wamekwenda vibaruani, wanawake wakabaki na mashamba yaliyovamiwa na nguruwe mwitu, na sheria za wakoloni ziliwazuia watu kuwinda na kulinda mazao yao. Kitabu cha mwaka 2010 kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson kilikusanya tafiti nyingine za aina hiyo, zikieleza kwamba kila eneo lilikuwa na ugomvi wake na sababu zake, na kwamba maswali ya mwaka 1968 yaliulizwa na watu waliokuwa wakitafuta mwanzo wa taifa.

Ukosoaji huo ni wa haki, ila unathibitisha kitu kingine pia. Watafiti hao wa baadaye wote walilazimika kurudi kwenye masimulizi yaliyokusanywa na wanafunzi wa 1968. Wazee walikuwa wameshafariki. Bila likizo zile za Umatumbi, Ungoni na Mahenge, zingebaki ripoti za maofisa wa Kijerumani na kumbukumbu za wamisionari.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kilima kikapoa. Rodney alirudi Guyana mwaka 1974, na tarehe 13 Juni 1980 aliuawa kwa bomu mjini Georgetown. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuanguka kwa uchumi viliacha maktaba bila vitabu vipya na wahadhiri wakihangaikia kipato cha pembeni. Vijitabu vya Chama cha Historia vikawa adimu. Mihadhara iliendelea, lakini daraja kati ya ukumbi na mwalimu wa sekondari lilikuwa limevunjika.

Mwamko ulirudi mwaka 2008 ilipoanzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, Shivji akiwa mshika kigoda wa kwanza. Aprili 2009, mwezi wa kuzaliwa kwa Mwalimu, Ukumbi wa Nkrumah ulifurika kumsikiliza Wole Soyinka. Mwaka 2013 alikuja Thandika Mkandawire kutafakari nusu karne ya uhuru wa Afrika. Tamasha la Kigoda lilichanganya mhadhara, mashairi, ngoma na mdahalo, na Kiswahili kilipata nafasi ambayo hakikuwa nayo zama za Ranger. Baadaye Shivji alihamishia juhudi zake kwenye Kavazi la Mwalimu Nyerere lililowekwa katika Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kutoka huko mwaka 2020 yeye, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata wakatoa wasifu wa Mwalimu katika juzuu tatu.

Juzuu hizo ni kazi kubwa. Ziliandikwa kwa Kiingereza.

Wakati Mlimani ikipanda na kushuka, Songea ilikuwa na mkutano wake wa historia usiohitaji mialiko. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo wapiganaji 67 wa Kingoni. Nduna Songea Mbano aliyeupa mji jina lake alinyongwa siku chache baadaye. Kila mwaka Februari, wazee wa kimila, viongozi wa serikali, wanafunzi na ndugu wa marehemu hukusanyika kwenye kaburi la halaiki na Makumbusho ya Majimaji. Ngoma hupigwa, majina hutajwa, na habari za vita husimuliwa upya kwa Kiswahili na Kingoni mbele ya yeyote aliyefika. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali hapo, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, ambalo ukoo wake unaamini lilipelekwa Ujerumani. Hakwenda Mlimani kusema hayo. Alikwenda Songea, kwa sababu ndiko waliko wenye madai.

Hukumu juu ya mihadhara ya Mlimani basi haipaswi kuwa ya kusifu tu wala ya kubeza tu. Kile kilima kiliwapa Watanzania historia yenye watu wao ndani, na kiliifanya kazi hiyo katika muda usiozidi miaka kumi, kikiwa na walimu wachache na mashine za stensili. Kilifanikiwa kila kilipotoka nje: kwenye mkeka wa mzee wa Nandete, kwenye kijitabu cha mwalimu, kwenye jukwaa la Hussein. Kilishindwa kila kilipojisemea chenyewe kwa lugha ambayo wenye historia hawakuitumia nyumbani.

Deni hilo halijalipwa. Ripoti za wanafunzi wa 1968 zilikusanywa na kudurufiwa kwa matumizi ya chuo, maelezo yake mengi yakiwa kwa Kiingereza ilhali wazee walizungumza Kiswahili, Kimatumbi, Kingindo na Kingoni. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na walimu wake wanahitaji vitu vya kusomesha. Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wachapishaji wa jiji hilo wanaweza kuanza na masimulizi hayohayo: yarudishwe katika Kiswahili, yaandikwe majina ya wazee waliosimulia na vijiji vyao, yachapwe katika vijitabu vyembamba vya bei ya mwalimu, na nakala za kwanza zipelekwe Kilwa, Mahenge na Songea.